Tengeneza ajua ya mfukoni: Mchezo wa babu unaotoshea kwenye begi lako

Ukiabiri matatu pale stejini Nakuru ukielekea Nairobi, una takribani kilomita 160 mbele yako. Siku ya kawaida safari hiyo haina neno. Lakini jaribu siku ya kufunga shule, au wikendi ya kuelekea Krismasi. Gilgil mnasimama. Naivasha mnasimama. Mkifika Soko Mjinga, muuza karoti ameshakujua kwa sura. Simu iliyotoka nyumbani na chaji tele imebaki na mstari mwekundu, bando limekata, na jirani yako kwenye kiti naye anatazama dirishani kama mtu aliyefiwa.

Sasa fikiria una kipande cha mbao kwenye begi, kirefu kidogo kuliko simu. Unakifungua kama kitabu. Ndani kuna vishimo 16 na kete 48. Unamgeukia jirani na kumuuliza, "Ajua unajua?"

Mchezo huu hauhitaji chaji wala bando, na hakuna anayekudai dau. Na habari njema ni kwamba unaweza kuutengeneza mwenyewe Jumamosi moja, kwa vifaa ambavyo Nakuru havikosekani. Makala haya yatakuonyesha namna, hatua kwa hatua. Ila kabla ya kushika msumeno, cheki kwanza ulikotoka mchezo wenyewe, kwa sababu ulianza karibu na kwako kuliko unavyodhani.

Ubao usiohama

Kama kilomita nne kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu ya Nairobi, kuna kilima ambacho wengi wetu tunakipita kwa matatu bila kukitazama. Ni Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Mtafiti Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938 na kupata makaburi ya kale pamoja na mabaki ya makazi ya wafugaji, yakiwemo yale mabonde madogo ya duara yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Mwaka wa 1943 eneo hilo likatangazwa kuwa turathi ya taifa, na mwaka wa 1965 makavazi yakafunguliwa kwenye nyumba iliyokuwa ya shamba.

Kitu kimoja hapo hakimo ndani ya kabati la kioo. Kimechongwa kwenye mwamba wenyewe: safu za vishimo vya bao. Kuna mtu aliyekaa hapo, akagongagonga jiwe kwa subira mpaka likawa ubao wa kuchezea. Ziwa Nakuru linaonekana kule chini, upepo unavuma, na mwenzake yuko upande wa pili akisubiri zamu yake.

Ubao wa mwamba una uzuri wake. Hauibiwi na hauozi. Ila hauwezi kukufuata. Ukitaka kuucheza, ni wewe uende.

Ndiyo maana sehemu nyingi za Bonde la Ufa wachungaji walikuwa na njia nyingine. Wakifika malishoni, walichimba vishimo kwenye udongo kwa kidole au kijiti, wakaokota kokoto, mchezo ukaanza. Jioni wakaondoka na ng'ombe wao, ubao ukabaki hapo, kesho wakachimba mwingine kwingine. Kwa hivyo usidhani wazo la kusafiri na mchezo limeletwa na maduka ya vinyago. Wachungaji walisafiri na mchezo kichwani, na ardhi ndiyo iliyokuwa ubao.

Shida yetu sisi wa Section 58, Langa Langa, Free Area au Lanet ni kwamba hatuna ardhi ya kuchimba. Sakafu ya keja ni vigae. Nje ni kabro. Ukichimba vishimo kwenye maua ya landilodi utahama kabla ya mwisho wa mwezi. Ubao mkubwa wa babu nao ulibaki ushago, maana hakuna anayebeba ubao wa kilo kadhaa akienda kukaa bedsita Njoro. Hapo ndipo mchezo ulipokatikia kwa wengi wetu. Tulihama, ubao haukuhama nasi.

Jina kwenu, jina kwetu

Nakuru ni mji wa watu waliotoka kila upande, na mchezo huu nao una majina kila upande. Wajaluo wanauita ajua, jina ambalo limeshazoeleka hata kwa wasio Wajaluo. Wakikuyu wana giuthi. Wakamba wana kiuthi. Wamaasai wana enkeshui. Ukipanda kuelekea Kuresoi au Rongai, waulize wazee wa Kikalenjin, nao watakutajia la kwao pamoja na sheria zake.

Mchezo ukivuka mipaka unabadilisha nguo tu. Waganda wana omweso, ubao wa safu nne zenye vishimo vinane kila moja na kete 64. Pwani na Zanzibar kuna bao la Kiswahili, nalo lina vishimo 32 na kete 64, na linaogopwa kwa ugumu wake. Oman wanacheza hawalis. Ghana wana oware, vishimo 12 na kete 48. Kote huko kazi ni ileile: unachota kete zote za shimo moja, unazidondosha moja moja kwenye mashimo yanayofuata, halafu unaangalia zimekupeleka wapi.

Sisi tutatengeneza ubao wa safu mbili, vishimo vinane kila safu. Ni mdogo wa kubebeka, na unaweza kuchezewa namna nyingi kutegemea unayecheza naye.

Vifaa

- Vipande viwili vya mbao, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 19, upana wa sentimita 3.5 na unene wa sentimita 2. Saipras inafaa sana: ni laini kutoboa, nyepesi, na inanukia vizuri. Viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo vinaleta nyingi, na kwa seremala yeyote mtaani vipande vifupi huishia kuwa kuni. Omba kwa heshima, eleza unachofanya, mara nyingi utapewa bure.
- Drili na biti pana ya mbao ya milimita 18. Kama huna, usinunue. Mpe fundi kazi hiyo ya dakika 20 na umlipe.
- Msasa wa aina mbili, mkali na laini.
- Gololi moja, zile bano ulizochezea utotoni.
- Bawaba ndogo mbili na skrubu zake, au ukanda wa ngozi kutoka kwenye kiatu kilichochakaa pamoja na gundi ya viatu.
- Pete mbili za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli.
- Rula, penseli, na kipande cha plastiki ngumu kutoka kwenye faili la zamani.
- Kete 48 na nyingine sita za akiba. Hizi zina hadithi yake hapo chini.

Hatua ya kwanza: pima kidole kabla ya ubao

Watu wengi wakipunguza mchezo huanza na rula. Hapa anza na mkono wako. Kwenye ubao mkubwa unachota kete kwa vidole vyote. Kwenye ubao wa mfukoni unachota kwa viwili, kidole gumba na cha shahada. Vikikwama shimoni, mchezo umekufa hata kama ubao ni mrembo.

Kwa hivyo toboa shimo moja la majaribio kwenye kipande cha kutupa. Weka kete sita ndani, kisha zichote zote. Ukizichota kwa mara moja au mbili bila kuzimwaga, milimita 18 zinakutosha. Kama vidole vyako ni vinene, nenda hadi milimita 22, na uongeze urefu wa ubao ipasavyo. Afadhali ubao mrefu kidogo kuliko ubao wa kukasirisha.

Hatua ya pili: chora

Laza vipande vyote viwili sambamba, vikigusana. Kutoka ncha ya kushoto pima milimita 18 na uchore mstari unaopita kwenye vipande vyote viwili kwa pamoja. Kutoka hapo, kila milimita 22 chora mstari mwingine, mpaka upate minane. Mstari wa mwisho utabaki na milimita 18 hadi ncha ya kulia. Halafu chora mstari mmoja wa urefu katikati ya kila kipande. Mistari inapokutana ndipo pa kutoboa.

Usichore kila kipande peke yake. Mashimo yakipishana hata kwa milimita mbili, ubao ukifungwa kete zitapenya na kuhamia kwa jirani.

Hatua ya tatu: toboa na ulainishe

Zungushia biti selotepu kuonyesha kina cha milimita 8, na usipite hapo. Biti pana ina ncha katikati inayotangulia, na ukizama sana ncha hiyo itatokea upande wa pili. Ndiyo maana unene wa sentimita mbili si wa kupunguza. Bana kipande vizuri mezani na usikishike kwa mkono, maana drili haijui tofauti ya saipras na kidole.

Mashimo yakitoka yatakuwa kama mikebe midogo, yenye kona chini. Kona ndizo zinazoficha kete. Sasa chukua gololi, ifunike kwa kipande kidogo cha msasa mkali, iingize shimoni na uizungushe kwa kiganja. Baada ya dakika mbili tatu, chini ya shimo patakuwa duara kama bakuli. Rudia kwa msasa laini. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke. Ndiyo inayotenganisha ubao unaochezeka na ubao wa kupigia picha tu.

Malizia kwa kupaka vanishi, au nta ya nyuki ukiifuta kwa kitambaa. Nta unaweza kuipata kwa wauzaji wa asali ya Baringo. Mafuta ya kupikia achana nayo. Yananata na kunuka baada ya muda.

Hatua ya nne: unganisha

Kutanisha vipande viwili uso kwa uso, mashimo yakiwa ndani. Umbo lake sasa ni kama kipande cha sabuni ya mche. Funga bawaba mgongoni, juu ya ule mstari vipande vinapokutana. Ukitumia ngozi, ibandike hapohapo na uiache ikauke usiku kucha. Ukifungua, ubao utalala wazi kama kitabu, safu moja kwako na nyingine kwa mwenzako.

Ubao ukifungwa, mashimo 16 yanakuwa vyumba vinane. Kete 48 zigawe kwa vinane: sita kila chumba. Hakuna haja ya mfuko wa kete. Zungusha zile pete mbili za tyubu, moja kila ncha, tupa begini, kwisha.

Hatua ya tano: kadi ya "tushukie hapa"

Mnacheza, mko katikati ya vita, na kondakta anapiga kelele mmefika. Ukifunga ubao hivihivi, kete zako zitaangukia za mwenzako na hakuna atakayejua nani alikuwa mbele. Ndiyo kazi ya kile kipande cha plastiki ngumu. Kikate kiwe na sentimita 19 kwa 3.5, sawa na ubao. Kilaze juu ya safu moja, kikandamize kwa vidole, kunja safu hiyo juu ya nyingine, vuta pete za mpira. Kila upande umebaki na zake. Mtaendelea jioni, au Jumapili ijayo. Ila kama kuna shimo lililofurika mpaka juu, hapo kubalianeni kumaliza kwanza.

Kete ni roho ya mchezo

Kwa majaribio tumia ndengu. Zinapatikana kila jikoni, na ukubwa wake unafaa: shimo lako litabeba zaidi ya kumi bila kumwagika. Tatizo lake ni mawili. Kwanza, wadudu huzipenda. Pili, ni nyepesi, na matatu ikiruka tuta zinaruka nayo.

Kwa ubao wa kudumu, tembelea fundi wa baiskeli. Muulize vigololi vya chuma vya beringi vilivyotolewa kwenye magurudumu ya mbele. Vina kipenyo cha karibu milimita 5, na fundi huvitupa vikichakaa. Vioshe kwa sabuni mpaka grisi iishe, vikaushe, vipake mafuta kidogo sana ya mashine visishike kutu. Vyote 48 havifikii hata gramu 25, lakini vinatulia shimoni, na vina sauti nzuri vikigongana. Kama vinakuteleza vidoleni, shanga za ukubwa huohuo zitakufaa.

Tahadhari mbili. Usitumie zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazotiwa kwenye bangili. Ni nzuri kwa macho lakini zina sumu kali, na kete huishia mdomoni mwa mtoto wa mwenye nyumba. Pia, ukienda Hyrax Hill usiokote jiwe lolote la kuja kuchezea. Vitu vya pale vinalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006. Piga picha, hesabu mashimo, rudi na kumbukumbu.

Ijaribu

Hizi hapa sheria rahisi za kuanzia. Weka kete tatu kila shimo. Zamu yako ikifika, chota kete zote za shimo lolote la upande wako, uzidondoshe moja moja ukielekea kulia, kisha uzungukie upande wa mwenzako. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, chota zote za hapo na uendelee. Ikiangukia shimo tupu la upande wako, unakula kete zote za shimo linalotazamana nalo, na zamu imekwisha. Ikiangukia shimo tupu la mwenzako, umelala njaa, zamu inahama. Kete ulizokula weka kwenye kifuniko cha chupa. Mwenye zamu akikosa kete upande wake, mwenzake anachukua zilizobaki. Mwenye zaidi ya 24 ameshinda.

Sasa upime ubao wako. Anza na shimo la kwanza kushoto. Kete tatu zitakufikisha shimo la nne. Chota nne, utafika la nane. Chota nne tena, umeingia kwa mwenzako. Endelea, na mwishowe utauzunguka ubao wote na kutua kwenye shimo lako la nne, ambalo sasa ni tupu. Mkabala nalo kuna kete nne. Ni zako.

Kama hukufika hapo, hesabu upya kete zako. Kuna shimo limepunjwa.

Ukirudia jaribio hilo utagundua siri ndogo. Shimo la kwanza hadi la tano, yote yanakupa kete nne kwenye zamu ya kwanza. La sita, la saba na la nane yanakuacha mikono mitupu. Usimwambie jirani yako kwenye matatu. Au mwambie, halafu mpe aanze yeye. Kuanzia zamu ya pili hesabu hiyo haikusaidii tena, na hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza.

Huna mbao wala drili?

Usijali. Kusanya vifuniko 16 vya plastiki vya chupa za maji. Vibandike vinane vinane, vikigusana, kwenye vipande viwili vya katoni ngumu, kisha unganisha vipande hivyo mgongoni kwa selotepu pana. Utapata ubao wa sentimita 25 hivi. Hautoshei mfukoni, lakini kwenye begi la shule unaingia vizuri, na umetumia gundi tu. Tayari una toleo la bure.

"Kwetu hatuchezi hivyo"

Subiri utoe ubao huu mbele ya watu. Dakika ya kwanza tu mtu atasema maneno hayo: kwetu hatuchezi hivyo. Mmoja atasema kwao mnaanza na kete nne. Mwingine atasema ukila unachukua na ile yako iliyokula. Wa tatu atasema nyanya yake alikuwa anacheza kuelekea kushoto, na nyanya hakushindwa na mtu.

Programu ya simu haikupi nafasi hiyo. Inakuja na sheria zake, unabonyeza kukubali, unacheza. Ubao wa mkono haujui sheria yoyote. Kabla hata kete moja haijasogea, nyinyi wawili lazima mkubaliane: tunacheza vipi, nani anaanza, kula ni nini, mwisho ni upi. Na mkishakubaliana, mnashikilia hilo hadi mwisho, hata kama linakuumiza wewe.

Kwa mji kama wetu, hilo si jambo dogo. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa Nakuru waliwindana kwa sababu ya majina yao, na familia nyingi zikalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa watoto wachanga au hamjazaliwa. Hakuna anayesema kipande cha saipras kingezuia yale. Lakini watu waliofukuzana walikuwa na mchezo mmoja, wenye mashimo yaleyale, waliouita kwa majina tofauti. Si wengi walioketi kuulizana, kwenu mnauchezaje?

Wewe unaweza kuuliza. Anza nyumbani. Ukienda ushago, usimwonyeshe babu picha ya ubao, mpe mkononi. Atacheka udogo wake, atalalamika kwamba vidole vyake haviingii, halafu ataanza kukusahihisha. Hapo tega sikio. Andika anavyosema: idadi ya kete, upande wa kuzunguka, neno analotumia akila, neno analotumia akishindwa. Sheria za michezo hii nyingi zimo vichwani mwa wazee, na mzee akiondoka zinaondoka naye. Daftari la kurasa mbili linatosha kuziokoa.

Halafu rudi mjini umfundishe jirani namna ya kwenu, naye akufundishe ya kwao. Ukimaliza na safu mbili, tengeneza ubao wa pili kama huu, uwekeni kando ya wa kwanza, na tayari mna vishimo 32 vya bao la Kiswahili. Kete 16 zaidi zitatimiza 64. Hilo litawachukua muda kulijua, na ni sawa. Barabara ya Nairobi ni ndefu.

Zile safu za Hyrax Hill zitaendelea kukaa pale kwenye mwamba, zikisubiri atakayepanda kilima. Hii ya kwako weka begini kando ya chaja. Na ukimkuta mtu kwenye kiti cha pili amenuna, simu imezima na foleni haisogei, fungua ubao, gawa kete tatu tatu, kisha muulize kwao wanaanzaje.